Deni ya mutupaji

MUCHEZO NA MAISHA



Nyuma ya kila mupira wa siku ya Mungu, njiani watu wanarudi na mabishano. Mumoja anasema: «Ule golikipa hafai, alifungwa mara tatu!» Mwingine anamujibu: «Hapana, yaya. Ile tatu haikuwa kosa yake. Wale wa nyuma walilala, yeye angefanya nini?» Wanafika ku nyumba, wanakula, wanalala, na neno halijaisha.

Lakini swali lile ni swali kubwa. Kazi ikifanywa na watu wengi pamoja, namna gani tutajua sehemu ya kila mutu? Ikienda vizuri, nani asifiwe? Ikiharibika, nani aandikiwe deni? Baba anayefanya kazi mu shimo ya shaba analijua swali hili. Umeme ukikatika ao mashine ikikufa, tani zinashuka, na mu karatasi ya mwisho wa mwezi inaonekana tu kwamba tani zilishuka.

Kuna muchezo moja ambao watu wake wamejaribu kulijibu swali hili kwa kitabu na kalamu, zaidi ya miaka mia moja sasa. Ni besiboli, muchezo wa Marekani. Kwetu hauchezwi sana, lakini musiogope, tutaueleza kwa maneno machache. Kisha tutaangalia ekipe moja tu, Dodgers, inayojulikana zaidi kwa watupaji wake. Ilianza mu Brooklyn, sehemu ya New York ya leo, mu mwaka 1883. Mu mwaka 1958 ilihamia Los Angeles, ngambo ingine ya inchi, na iko kule mpaka leo.

Muchezo wenyewe

Ekipe ni mbili, kila moja watu 9 ku kiwanja. Mutu mumoja anasimama katikati, anatupa mupira mudogo, mugumu: huyu ndiye mutupaji. Mbele yake mutu wa ekipe ingine anasimama na fimbo: huyu ni mupigaji. Nyuma ya mupigaji anachutama mudakaji, mwenzake wa mutupaji. Mupigaji akiupiga mupira vizuri anakimbia, anapita vituo 4 kwa kuzunguka. Akirudi ku kituo cha nyumbani, ni pointi moja. Wenzake wa mutupaji wanatawanyika ku kiwanja kusudi waudake mupira na kumuzuia.

Kama mupigaji ameshindwa mara tatu, anatoka palepale. Mutupaji amemutosha yeye mwenyewe, pasipo musaada wa wenzake. Hii kazi tutaiita «kutosha mutu». Wapigaji 3 wakitoka, zamu inaisha, ekipe ingine nayo inapiga. Kila ekipe inapata zamu 9. Ndiyo hivyo tu.

Sasa kuhesabu. Mu karne ya 19 kulikuwa mwandishi wa magazeti jina lake Henry Chadwick. Alizaliwa Uingereza mu 1824, akakulia Brooklyn. Ni yeye aliyewafundisha Wamarekani kuandika muchezo wote ku karatasi moja ndogo: nani alipiga, nani alikimbia, nani alikosa. Aliona kwamba kuandika «alishinda» ao «alishindwa» peke yake haitoshi kumupima mutupaji. Wenzake wakiangusha mipira, yeye atashindwa hata kama alitupa vizuri.

Kwa hiyo wakaanza kutenga pointi sehemu mbili. Pointi iliyopatikana kwa sababu mutupaji alipigwa, ao alitupa vibaya, hiyo ni deni yake. Pointi iliyopatikana juu ya kosa la mwenzake, inahesabiwa mu muchezo, lakini haiandikwi ku deni ya mutupaji. Mwenye kosa anaandikiwa kosa lake ku jina lake. Ligi ya Taifa, ile ambamo Dodgers wanacheza, ilianza kutumia kipimo hiki kwa haki ya sheria mu mwaka 1912.

Hesabu yake ni nyepesi, mutoto wa shule ataifanya. Unachukua pointi zote za deni, unazidisha kwa 9, unagawanya kwa zamu alizotupa. Mufano: mu mwaka 1966 mutupaji wa Dodgers, Sandy Koufax, alikuwa na deni ya pointi 62 kwa zamu 323. 62 mara 9 ni 558. 558 kugawanya kwa 323 ni 1,73. Maana yake, kwa kila muchezo wa zamu 9 alikuwa anaachilia pointi karibu mbili tu. Deni ikiwa ndogo, mutupaji ni mwema. Chini ya 2 kwa mwaka muzima, ni jambo la kushangaza.

Hizi ni hesabu za watupaji 6 wa Dodgers, kila mutu mu mwaka wake mumoja mukubwa:

Dazzy Vance, 1924: alishinda 28, alishindwa 6; deni 2,16; alitosha watu 262.
Don Newcombe, 1956: alishinda 27, alishindwa 7, deni 3,06, alitosha watu 139.
Sandy Koufax, 1966: alishinda 27, alishindwa 9, deni 1,73, alitosha watu 317.
Fernando Valenzuela, 1981: alishinda 13, alishindwa 7; deni 2,48; alitosha watu 180.
Orel Hershiser, 1988: alishinda 23, alishindwa 8, deni 2,26, alitosha watu 178.
Clayton Kershaw, 2014: alishinda 21, alishindwa 3, deni 1,77, alitosha watu 239.

Kijana mwenye haraka atasema: «Basi, ni rahisi. Mwenye deni ndogo ni Koufax, yeye ndiye mukubwa, tufunge kitabu.» Ngoja kwanza, ndugu. Tuifungue zaidi kidogo.

Watu wawili, usiku mumoja

Tarehe 9 Septemba 1965, mu Los Angeles, Dodgers walicheza na Cubs wa Chicago. Koufax alitupa kwa upande wa Dodgers. Wapigaji 27 walikuja mbele yake, na wote 27 walitoka. Hata mumoja hakufika ku kituo cha kwanza. Alitosha 14 yeye mwenyewe. Muchezo wa namna hii wanauita mukamilifu, na watupaji wengi wakubwa wanamaliza maisha yao ya kazi pasipo kuupata hata mara moja.

Lakini ku upande wa Chicago kulikuwa mutupaji mwingine, Bob Hendley. Usiku ule naye alitupa ajabu. Dodgers walimupiga vizuri mara moja tu mu muchezo muzima. Na ile mara moja haikuleta pointi! Pointi ilipatikana mbele yake, mu zamu ya 5, namna hii: Lou Johnson wa Dodgers alipewa kituo cha kwanza sababu mipira ilitupwa pembeni. Mwenzake akamusogeza ku cha pili. Kisha akaiba mbio kwenda ku cha tatu, mudakaji wa Chicago akatupa mupira ili amuzuie, mupira ukapita juu, na Johnson akaendelea mpaka nyumbani. Pointi moja kwa sifuri. Muchezo ukaisha hivyo.

Mukitazama kitabu, mutaona nini? Ku mustari wa Hendley kumeandikwa: alishindwa. Lakini ku mustari wa deni: sifuri. Pointi ile haikuwa yake. Yule aliyeandika kwa haki alisema mambo mawili pamoja: ekipe yako ilishindwa, na wewe hukuwa na deni. Haya maneno mawili hayapingani. Wengi wetu ku nyumba tunasema tu la kwanza. Mutoto analeta karatasi ya pointi za shule, tunaona «ameshindwa», tunapiga kelele. Nani anauliza kama mwalimu alikuwa kule mwaka muzima, kama kulikuwa kitabu, kama taa iliwaka mangaribi ili asome?

Lakini tuangalie ngambo ingine pia, vijana, musitumie habari hii kwa kujificha. Kitabu hakisemi kwamba kila kosa ni la mwenzako. Mutupaji anayempa mupigaji kituo kwa kutupa pembeni, ile ni yake. Anayepigwa, ile ni yake. Kipimo hiki kinamukingia asiye na kosa, na kinamushika mwenye kosa. Ndiyo faida yake.

Mapema isitudanganye

Turudi kwa Koufax. Alianza na Dodgers mu mwaka 1955, kijana wa miaka 19, muzaliwa wa Brooklyn. Unajua miaka yake 6 ya kwanza ilikuwa namna gani? Alishinda michezo 36, alishindwa 40. Mukono wake ulikuwa na nguvu sana lakini mupira haukujua njia. Mu mwanzo wa 1961, wakati wa mazoezi, mudakaji Norm Sherry alimushauri asitupe kwa nguvu yote, atulize kidogo. Alisikia. Mwaka ule akashinda 18 na akatosha watu 269. Kuanzia 1962 mpaka 1966, miaka 5 yote, hakuna mutupaji wa Ligi ya Taifa aliyekuwa na deni ndogo kuliko yake. Mu 1965 alitosha watu 382, hesabu ambayo mu nyakati hizi zetu ilipitwa mara moja tu, na Nolan Ryan, 383, mu 1973.

Dazzy Vance alingoja zaidi. Huyu alikuwa mutupaji wa zamani, wa Brooklyn. Mukono ulimuuma miaka mingi, akazunguka mu ekipe ndogondogo za majimbo. Mpaka alipokuwa na miaka 31 hakuwa ameshinda hata muchezo moja mu ligi kubwa. Mu 1922 Brooklyn wakamupa nafasi ya kweli: alishinda 18. Toka mwaka ule mpaka 1928, miaka 7 mfululizo, ni yeye aliyetosha watu wengi kuliko wote mu Ligi ya Taifa. Kama mutu angefunga kitabu chake wakati alikuwa na miaka 30, angeandika: huyu hakuna kitu. Na hesabu ingekuwa ya kweli! Lakini ilikuwa hesabu ya njia isiyofika mwisho.

Wale ambao hawakuandikwa

Kuna jambo lingine. Kitabu cha Vance na cha watupaji wote wa wakati wake kilikuwa na upungufu mukubwa: Weusi hawakuwa ndani. Ligi kubwa ziliwafungia mulango. Wao walikuwa na ligi zao wenyewe, na viwanja vyao, na watupaji wao hodari, lakini gazeti la wazungu halikuandika vizuri kazi yao.

Ni Dodgers waliovunja ule ukuta, mu mwaka 1947, walipomuingiza Jackie Robinson. Tarehe 26 Agosti mwaka uleule waliingiza Dan Bankhead, mutupaji Mweusi wa kwanza mu ligi zile mu karne ya 20. Mara yake ya kwanza kushika fimbo aliupiga mupira nje ya kiwanja. Lakini ku kutupa, siku ile walimupiga vikali. Mu 1949 akaja Don Newcombe, mutu murefu, mwenye nguvu, aliyetoka mu ekipe ya Weusi ya Newark. Mwaka wake ule wa kwanza alitajwa muchezaji mupya bora. Kisha jeshi lilimuchukua miaka miwili, 1952 na 1953, wakati wa vita ya Korea: mu mistari ya miaka ile kitabu chake ni cheupe. Mu 1956 alishinda 27, akawa mutu wa kwanza kupewa zawadi ya mutupaji bora wa mwaka, inayoitwa kwa jina la Cy Young, mutupaji wa zamani.

Mu Desemba 2020 wakubwa wa besiboli walikubali kwamba ligi za Weusi za miaka 1920 mpaka 1948 nazo zilikuwa ligi kubwa. Mu 2024 hesabu zao ziliingizwa mu kitabu kimoja na zile zingine. Watu wengi walikuwa wameisha kufa. Hata hivyo, kuandikwa kwa haki, hata kama inachelewa, ni jambo kubwa kwa wajukuu. Kumbukeni vilevile: hesabu inaweza kuwa safi, mistari imenyooka, na bado ikawa ya uongo, juu ya wale iliowaacha nje.

Na Newcombe ana hesabu ingine isiyokuwa mu kitabu. Pombe ilimutesa. Yeye mwenyewe alilisema mbele ya watu wote, hakuficha. Aliiacha mu miaka ya 1960, kisha miaka mingi akafanya kazi na Dodgers wale wale akisaidia wachezaji na watu wengine kutoka mu pombe. Alikufa mu 2019, na miaka 92. Nani atahesabu nyumba ngapi zilipona kwa kazi ile? Hakuna safu yake ku karatasi.

Mukono ni nyama na mufupa

Sasa turudi ku ile 1,73 ya Koufax. Ilikuwa ya mwaka wake wa mwisho. Toka mwanzo wa 1965 kiko cha mukono wake wa kushoto kilikuwa kimevimba, kina ugonjwa wa maungo. Alichomwa sindano, alipakwa dawa za kuwaka, kisha muchezo ukiisha alitia mukono mu maji ya barafu. Hivyo ndivyo alivyotupa zamu 335 mu 1965 na zamu 323 mu 1966. Mu kila mumoja wa miaka ile miwili alianza na kumaliza yeye peke yake michezo 27. Mu Novemba 1966, akiwa na miaka 30, aliacha kazi. Alipenda kubaki na mukono unaoweza kutumika mu maisha.

Mu 1974 mutupaji mwingine wa Dodgers, Tommy John, alikatika mushipa wa kiko. Mbele ya pale, neno hili lilikuwa mwisho wa kazi. Munganga Frank Jobe alijaribu jambo jipya: alitwaa mushipa wa mukono mwingine, akaupandikiza. John alikaa mwaka muzima wa 1975 pasipo kucheza. Alirudi mu 1976, na nyuma ya operasio ile alishinda michezo 164 ingine, zaidi ya ile 124 ya mbele yake. Leo operasio ile inaitwa kwa jina lake, na watupaji wengi sana wamepitia mulemule.

Ndiyo maana leo watupaji wanalindwa. Yoshinobu Yamamoto, Mujapani wa Dodgers, mu 2025 alikuwa mumoja wa watupaji bora kabisa, deni 2,49, lakini mu michezo ya kawaida ya mwaka alitupa zamu zisizofika 174. Ni karibu nusu ya zamu za Koufax. Je, ni muvivu? Kwa mwisho wa mwaka ule ule, mu michezo ya kutafuta ubingwa juu ya Toronto, alishinda muchezo wa 2, wa 6, na wa 7, tena ule wa 6 na wa 7 ilikuwa siku mbili zinazofuatana. Kwa hiyo musilinganishe babu na mujukuu kwa tani peke yake. Ulizeni kwanza: mu mwaka gani, na vyombo gani, na munganga gani karibu?

Sauti ya mwamuzi, na siku isiyo na hesabu

Hata hesabu kubwa kabisa inaweza kusimama juu ya uzi mwembamba. Mu 1968 Don Drysdale wa Dodgers alitupa zamu 58 mfululizo pasipo kuachilia pointi hata moja. Tarehe 31 Mei, katikati ya safari ile, vituo vyote vilikuwa na watu, akamupiga mupigaji ku mwili kwa mupira. Kwa sheria ile ingekuwa pointi. Lakini mwamuzi alisema: hapana, mupigaji hakujaribu kukwepa. Drysdale akaendelea. Miaka 20 nyuma, mu 1988, Orel Hershiser wa Dodgers wale wale alifikisha 59, na Drysdale mwenyewe alikuwa pale, akitangaza muchezo ku radio. Hershiser ni yule ambaye mu michezo ya ubingwa ya mwaka ule alikuwa anakaa ku benchi akiimba nyimbo za kanisa polepole ili roho yake itulie.

Na kuna siku moja ya Koufax ambayo watu wanaikumbuka kuliko michezo yake mingi, na siku ile hakutupa hata mupira moja. Tarehe 6 Oktoba 1965 ilikuwa muchezo wa kwanza wa kutafuta ubingwa. Ilikuwa vilevile Yom Kippur, siku kubwa ya toba ya Wayahudi, na Koufax ni Muyahudi. Alikataa kucheza. Drysdale akatupa pahali pake, Dodgers wakashindwa 8 kwa 2. Koufax alirudi, akashindwa muchezo wa 2, akashinda wa 5, akashinda wa 7 nyuma ya mapumziko ya siku mbili tu, pasipo kuachilia pointi. Ubingwa ukapatikana. Lakini tufikiri: kama usingepatikana, je, kukataa kwake kungekuwa kosa?

Hesabu iliyovuka mpaka Zambia

Tumalize na Clayton Kershaw, aliyetupa na Dodgers toka 2008 mpaka 2025, pasipo kubadili ekipe. Tarehe 18 Juni 2014 alitupa juu ya ekipe ya Colorado. Hakuna aliyemupiga vizuri, hakumupa mutu kituo, alitosha 15. Mutu mumoja tu alifika ku kituo cha kwanza, sababu mwenzake wa Kershaw alitupa mupira vibaya. Kosa lile moja lilimunyima muchezo mukamilifu. Hapa munaona Hendley mara ya pili, lakini kwa upande wa mushindi.

Huyu Kershaw alikuwa na hesabu mbili zisizofanana. Mu michezo ya kawaida deni yake ya miaka yote ni 2,53. Mu michezo ya ubingwa ya kila Oktoba, deni ilipita 4. Watu walimucheka miaka mingi. Mutu ni yuleyule, mukono ni uleule. Mu 2020 ekipe yake ilipata ubingwa, na yeye alishinda michezo miwili mu ile ya mwisho.

Mu mwanzo wa 2011 yeye na bibi yake Ellen walikwenda Zambia, kwa jirani zetu, ngambo ya Kasumbalesa. Waliona yatima wa Lusaka. Kershaw akaweka ahadi: kwa kila mutu atakayemutosha mwaka ule, atatoa dola 100 ili kujenga nyumba ya watoto wale. Mwaka ule alitosha watu 248. Fanyeni hesabu: ni dola 24800 kwa ahadi ile peke yake. Nyumba ilijengwa. Mupigaji aliyekuwa anarudi ku benchi na aibu, kule Los Angeles, hakujua kwamba kushindwa kwake kumekuwa matofali kule Lusaka.

Kershaw alifikia watu 3000 tarehe 2 Julai 2025. Alimaliza na 3052, na ushindi 223. Sasa sikilizeni kazi yake ya mwisho na Dodgers. Ilikuwa muchezo wa 3 wa ubingwa wa 2025, muchezo murefu ajabu, wa zamu 18. Mu zamu ya 12 vituo vyote vilikuwa na watu wa Toronto. Walimuita Kershaw, na miaka 37 yake. Alimutosha mupigaji mumoja kwa musaada wa mwenzake aliyeuokota mupira, akarudi kukaa. Dodgers walishinda 6 kwa 5, na ushindi uliandikwa ku jina la kijana mwingine, Will Klein, aliyetupa zamu 4 za mwisho. Ku mustari wa Kershaw kumebaki theluthi moja ya zamu, deni sifuri. Pasipo theluthi ile, hakungekuwa zamu ya 18.

TUZUNGUMZE KU NYUMBA

1. Vijana: pointi gani mu kazi yenu ya mwaka huu ni deni yenu kweli, na gani ilitoka kwa kosa la wengine? Andikeni pande mbili, kwa haki.
2. Wazazi: mutoto wenu «anashindwa» toka lini? Yuko ku mwaka wake wa 1955 ao wa 1961? Nani mu nyumba anaweza kumushauri sawa Norm Sherry?
3. Wote: nani mu familia yenu anafanya kazi kila siku, na jina lake haliandikwi pahali popote? Mutajeni leo mangaribi, mbele ya kula.